Ukungu Ndani ya Darubini

Mbarara, Jumanne tarehe 5 Novemba 2024

Yaya Mariette, dada yangu,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Bienfait. Nakuandikia kwa karatasi, usinicheke. Kwenu simu ni moja tu, ya shemeji, naye akipokea anafungua sauti kubwa mpaka kanisa zima linasikia. Barua hii anakuletea Mama Pulchérie, yule Mrundi wa Misiera, jirani zenu kambini, anayekuja hapa Jumanne na Ijumaa kununua sabuni. Ukijibu, mpe yeye.

Pamoja na barua kuna kisanduku. Msikifungue. Ndani mna darubini ya bunduki. Sasa usipige yowe! Bunduki yenyewe haimo, iko kwa askari wa wanyama, na wala si ya risasi. Inarusha sindano ya usingizi, mnyama analala, anatibiwa, anaamka na kwenda zake. Mwenye darubini ni Daktari Yonatani, daktari wa wanyama wa pori, ambaye miwani yake huwa tunamtengenezea sisi. Aliileta hapa dukani kwa Madame Concilie tumpanguzie vioo, maana ilikuwa imejaa tope. Nikamsikia anasema anatafuta mtu anayejua njia za majani ya ziwa upande wa Rubondo, huko kwenu kwenye kambi ya wakimbizi, kwa ajili ya yule mbogo wenu mwenye waya wa mtego mguuni. Nikasema mimi ninaye shemeji. Kwao Fizi, Kongo, alikuwa mwindaji kama baba yake, na sasa ana miaka sita anakata majani ya kuezekea humo humo.

Daktari amekubali! Watakuja Jumamosi alfajiri wakitokea moja kwa moja porini, ndiyo maana darubini itawangoja kwenu. Mambo yakienda vizuri, shemeji ataandikwa kuwa mwongozaji wao, na buti, na koti la mvua. Kazi ya kudumu, yaya. Nimeandika hilo neno nikaliangalia mara mbili.

Kwa hiyo hicho kisanduku mkitunze kama jicho. Vioo nimevisafisha mwenyewe.

Mdogo wako,
Orpa


Rubondo, Ijumaa 8/11/2024

Mudogo wangu Orpa,

Bwana asifiwe! Kisanduku kilifika. Bienfait alisoma barua yako mara tatu, kisha akaenda kunyoa ndevu. Katikati ya juma, Orpa, bila harusi wala maziko! Nikamuuliza unamunyolea nani, mbogo? Akacheka. Muda mingi sikuwa nimeona meno yake.

Ule mbogo anatutesa. Tangu mwezi wa kumi anajificha mu majani, anachechemea, waya imeingia mu nyama ya mguu na inaoza. Mbogo mwenye kidonda hana rafiki. Batu ba hapa habaendi tena ku mashamba ya chini mpaka jua likiwa juu kabisa, na bengine hata hivyo habaendi. Maharage yangu iko kule chini, inanitazama tu.

Juu ya kisanduku, tulia. Kitu ya mugeni hailale fasi ya baridi, hiyo mama alitufundisha sisi wote. Nimekiweka fasi ya heshima.

Utuombee kesho.

Yaya wako,
Mariette


Rubondo, Jumanne 12/11

Orpa,

Imeharibika.

Jumamosi bakakuja, Daktari na ule askari, Afande Eliezeri, njo yeye anapiga bunduki. Ukungu ilikuwa mingi. Bienfait akabapeleka polepole, upande wa upepo, mpaka hatua makumi tatu kutoka kwa mbogo. Hatua makumi tatu! Hakuna mutu mwengine wa huku angewafikisha. Afande akainua bunduki, akaweka jicho. Nyeupe. Akapanguza kioo na shati, akaweka jicho tena. Nyeupe tu, sawa maziwa. Kumbe ukungu haukuwa inje, ulikuwa ndani ya darubini yenyewe. Mbogo akasikia ile fujo akakuja. Bakakimbia. Daktari aliacha kiatu kimoja mu matope. Mungu ni mukubwa, hakuna aliyeumia.

Sasa sikia mbaya. Saa sita, jua lilipotoka, bakaangalia darubini iko safi kabisa. Hata tone. Afande akamugeukia Bienfait mbele ya batu bote: "Wewe mukongo, mimi najua wewe. Wewe iko muwindaji. Wewe nafanya kitu kwa hii darubini, mbogo ife, watu yako kula nyama."

Na kweli, Ijumaa mangaribi, Afande alipopita kusalimia, batu balikuwa banatania nani atapata paja na nani kichwa. Na bwana wangu, mudomo wake nao, akasema: "Mimi naomba mukia tu." Utani wa bure! Sasa Afande ameushika huo mukia na haachilie.

Daktari amesema watajaribu mara moja tena, Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Ikishindikana, ataletwa mutu wa risasi, na Bienfait ataandikwa ku ofisi yao kama mutu aliyeharibu chombo makusudi. Kazi hapana. Na jina lake likiandikwa vile, nani mwengine atamupa kazi?

Mariette


Mbarara, Ijumaa 15 Novemba

Yaya,

Pole sana. Mwambie shemeji nimeumia.

Ukungu ni kitu cha Mungu, nani anaweza kuukamata? Darubini nyingi hufanya hivyo wakati wa mvua. Hapa dukani tuliishughulikia vizuri, ilitoka ikiwa safi, hata Madame aliiona. Afande naye alikosea kuipanguza na shati. Shati lina jasho na mchanga, linakwaruza kioo. Na kama alikuwa anahema karibu nayo, pumzi peke yake inatosha kuziba kioo asubuhi ya baridi.

Swali moja tu, na usikasirike: kile kisanduku kililala wapi?

Orpa


Rubondo, Jumanne 19/11

Orpa,

Unaniuliza kililala wapi sawa polisi. Kililala ndani ya nyumba yangu. Ulitaka kilale ku barabara?

Hapa hakuna amani. Bienfait hakule vizuri. Afande alirudi jana na ile darubini mukononi kumuuliza: nani alishika darubini, nani aliigusa? Bienfait akaangalia ile darubini tu. Nikamwambia kisha, baba, sema kitu, mutu akinyamaza banasema amekubali kosa! Akaniambia: "Acha, Mariette." Hiyo tu. Miaka kumi na nne ya ndoa, leo ananiambia acha.

Mvua haikate. Maharage imeanza kuota ndani ya maganda yake. Nilikwenda mpaka ku mugomba wa mwisho, nikasikia majani inavunjika kule chini, nikarudi mbio.

Kama unajua kitu ya kutengeneza hiyo darubini, sema.

Mariette


Rubondo, Ijumaa 22/11

Mudogo wangu,

Nisamehe maneno ya Jumanne. Nilikuwa nakasirikia mutu mwengine, na huyo mutu ni mimi.

Kisanduku hakikulala fasi ya kawaida. Nilikiweka ku jiko, juu ya uchaga, karibu na mafiga. Kwetu mugeni akifika na mvua, vitu vyake vinakaa karibu na moto, unajua. Na nilikifungua kidogo ili joto liingie vizuri, nikasema hivi vioo vimetoka mbali, visije vikashikwa na baridi. Siku tatu, Orpa! Na chini yake nilikuwa natokotesha maharage ya zamani, sufuria haikutoka ku moto. Juzi nikaangalia ile picha ya mama iliyo ukutani mwa jiko, nikaona matone yamejaa ndani ya kioo chake. Ndani! Nikajua darubini niliinywesha mvuke mimi mwenyewe, na heshima yangu yote.

Bienfait hajui. Jumatatu nitakwenda ku ofisi za Base Camp kwa Afande nimwambie ni jiko langu. Anifunge akitaka. Sitaacha mutu alaumiwe juu ya sufuria yangu.

Mariette


Mbarara, Ijumaa 22 Novemba

Yaya wangu,

Wazee walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi nimeficha, na kilio kimeanzia kwako.

Daktari alituambia tupanguze vioo vya nje tu. Siku ile Madame alikuwa ameenda misa, mvua inapiga mabati. Nilipotazama ndani nikaona kavumbi kamoja, kadogo hivi. Nikasema mimi nimeshafungua miwani mia, nimeshafungua darubini za watalii, hii nayo itanishinda? Nikachukua bisibisi nikaizungusha ile pete ya chuma. Nilisikia kama pumzi ndogo, fss. Nikatoa kavumbi, nikafunga, nikajisifu. Nilijisifu, yaya! Niliona Daktari atamwambia Madame, huyu msichana ana mkono.

Sikujua kwamba mle ndani wanafungia hewa kavu kutoka kiwandani, na pete ya mpira inailinda. Mimi niliitoa ile kavu nikaingiza ya mvua, na mpira niliupasua. Nilikuja kusoma hayo baadaye, baada ya barua yako ya tarehe 12. Nilijua, na bado nikakuandikia kwamba ukungu ni wa Mungu.

Nikisema, Madame ananifukuza. Ana neno moja tu kwa wanafunzi wake: usifungue kitu ambacho hukuambiwa. Miaka miwili nimekaa kwenye ile meza. Nikinyamaza, shemeji anachafuliwa jina. Naogopa, yaya. Sijui nifanye nini, na ninajua.

Orpa


Rubondo, Jumanne 26/11

Orpa,

Pulchérie alikuwa amekamata barua zetu mbili, moja ya kwenda, moja ya kurudi, na hakujua amebeba dhambi mbili za darubini moja. Niliposoma yako nilicheka mpaka nikalia. Sisi wawili! Wewe ulifungua mulango, mimi nikaingiza mvuke. Mama angetuchapa pamoja.

Sasa sikia yaya wako. Wewe nyamaza. Jana Base Camp Afande hakuwepo, lakini nitarudi kesho, nitasema ni jiko. Si uongo, ni kweli. Inatosha. Mimi sina bosi wa kunifukuza, nani atanifukuza ku jiko langu? Wewe ukitoka ku ile meza, utarudi huku kulima na sisi, na mashamba yenyewe unajua yako wapi.

Yako sikumwambia Bienfait. Hata yangu nilipomwambia, alitabasamu tu akasema: "Sufuria nayo?" Sijui alitaka kusema nini. Huyu mutu amekuwa kitendawili.

Nyamaza, umenisikia?

Mariette


Mbarara, Ijumaa 29 Novemba

Yaya,

Barua yako ya kuniambia ninyamaze imenikuta nimeshasema.

Niliposoma ile ya jiko, kwamba unataka kwenda kujitaja, sikulala vizuri. Jumamosi asubuhi Madame hajavua hata koti nikamwambia yote, kavumbi, bisibisi, fss. Alihudumia wateja siku nzima kama hakusikia, ukimjua utaelewa hiyo ni mbaya kuliko kelele. Jioni akafunga duka, akaniuliza: "Ungenificha mpaka lini?" Nikasema sijui. Akasema: "Hilo angalau ni kweli." Akamwita Daktari kwa simu, akanipa mimi niongee.

Daktari alikuja Jumatatu na darubini. Nilimweleza nikiwa nimesimama, jasho linanitoka kama nimepanda mlima. Alivua miwani akaipanguza, akasema: "Chombo kikijulikana kilivyoharibika, kinatengenezeka. Kisichojulikana ndicho kinachoua watu." Nikamwambia na habari za jiko pia, samahani, lakini nilitaka ajue shemeji hakugusa kitu.

Madame hakunifukuza. Amenitoa kwenye vioo kwa mwezi mzima, naosha fremu na kufagia. Lakini pete ya mpira ni yeye aliyeitafuta kwenye droo yake, akaniambia: "Umeifungua wewe, utaifunga wewe, mimi nikiwa nakutazama." Darubini tuliiweka wazi ndani ya kopo lililozibwa, pamoja na vile vipakiti vinavyokuja kwenye sanduku za viatu, vinakunywa unyevu wote. Siku tatu. Jana mchana, jua kali, tukaifunga. Tukaitia kwenye friji ya jirani muuza soda, tukaitoa, tukatazama. Nje ilifanya ukungu, ndani hapana. Madame akasema "eh." Kwake hiyo ni nyimbo ya sifa.

Sasa Daktari amesema iletwe kwenu tena leo, maana anakuja kutokea huko porini. Fuata haya, nakuomba:

Huyu mgeni hataki moto, anataka baridi. Alale nje barazani, kisanduku kimefungwa, kimening'inia chini ya paa mvua isipofika. Akiamka awe na baridi ile ile ya asubuhi. Mkiogopa wezi, shemeji alale karibu naye. Vifuniko vya vioo visitolewe mpaka mbogo aonekane. Afande ajifunge kitambaa puani ili pumzi ishuke chini. Tone la mvua likiangukia kioo, lipulizwe kwanza na kile kipira cha kupulizia nilichoweka kisandukuni, kisha kitambaa cheupe, si shati! Nje nimepaka sabuni kidogo sana nikaisugua mpaka haionekani, maji yatateleza.

Mimi siwezi kuja. Nina fremu mia mbili za kuosha. Kesho alfajiri nitakuwa macho.

Orpa


Rubondo, Jumanne 3/12/2024

Orpa, Orpa, Orpa,

Amelala! Na ameamka!

Jumamosi ukungu ulikuwa mwingi hata choo chetu hatukukiona. Bienfait alilala barazani kando ya kisanduku na blanketi mbili, yeye akakohoa, darubini haikukohoa. Bakaenda. Mimi nilibaki na bamama bengine ku barabara ya juu, tunasali, tunasikiliza. Pulchérie alikuja toka Misiera kusikiliza tu. Tukasikia tap, kitu kidogo hivi, si mulio wa bunduki hata. Kisha kimya. Nikasema tumekwisha. Kisha Daktari akapiga firimbi, njo alama ya kwamba mbogo ameanguka.

Tukashuka mbio, hata baliokatazwa. Mbogo alikuwa amelala ubavu, mukubwa kama nyumba. Bienfait alivua koti lake akamufunika macho. Yeye njo alikata ile waya, kidogo kidogo, na Daktari akaosha kidonda. Waya ilikuwa imefika mufupa. Kisha tukarudishwa nyuma, bakamupiga sindano ingine ya kumuamusha. Akainuka. Akasimama pale, akatutazama sisi wote, nikafikiri leo njo leo. Akageuka, akaingia mu majani upande wa pori, anakanyaga na miguu yote mine.

Batu bengine bananuna juu ya nyama. Banune.

Afande Eliezeri alikuja kwa Bienfait mbele ya batu bale bale ba mara ya kwanza. Akavua kofia. Akasema: "Mimi nakosea wewe. Nasema mubaya, sasa nasema samahani." Bienfait akamushika mukono. Kisha Afande akauliza kama kweli alitaka mukia. Hapo tukacheka wote, hata Daktari.

Maharage nimevuna jana na leo. Nusu imeota, nusu iko salama, na hiyo nusu ni nzuri.

Bienfait amekamata karatasi anaandika. Anaficha na mukono sawa mutoto wa shule. Nimekatazwa kusoma, nimefunga pamoja bila kusoma. Karibu bila kusoma.

Yaya wako,
Mariette


Shemeji Orpa,

Mimi siandike mingi, unajua. Yaya wako anapura maharage njo nimekamata biki yake ya kuandikia.

Nataka ujue kitu moja. Ile siku ya kwanza kisanduku kilipofika nilikifungua. Uliandika tusifungue, lakini mimi pia ni mutu. Ku ile pete ya chuma nikaona alama mbili mupya za bisibisi. Baba yangu alikuwa na bunduki ya darubini, ile pete haifunguliwe. Nikajua ni mukono wako. Sikujua kama italeta ukungu, nilifikiri umetengeneza kitu.

Afande aliponiuliza nani aligusa, nilikuwa naangalia ile alama. Ningenyoosha kidole, ningetoka mu matata pale pale. Lakini tangu tuvuke, mu familia yetu yote ni wewe peke yako uko na kazi ya ku meza. Mimi nimezoea kukata majani. Nikasema, wacha inipate mimi. Mariette nisingemwambia, angepiga kelele mpaka Mbarara.

Jumamosi, tukirudi, Daktari akaniambia: "Shemeji yako alikuja kujisema mwenyewe. Hakuna mutu alimuuliza." Niligeukia upande wa maji ili asione macho yangu. Nilikuwa nimejipanga kukubebea ile mizigo maisha yote, na wewe ukakuja kuichukua.

Naanza Jumatatu. Daktari ameandika jina langu ku kisanduku, mimi njo nitachunga darubini sasa. Noeli ukuje. Ukuje unionyeshe vile unapanguza kioo, polepole, nataka kuifanya vizuri. Na hiyo nataka kujifunza kwako, hapana kwa mutu mwengine.

Bienfait